Nanasi Alipovuka Daraja

Enzi zetu katuni ilikuwa na subira kuliko watazamaji wake. Mtu akitaka kufungua mlango, anashika kitasa leo, anaingia kesho, na hapo katikati tunaonyeshwa jasho, jicho, kitasa tena, na paka anayepita zake nje bila habari na mtu. Nasi tulitulia. Tulikaa kwenye mbao zisizo na egemeo, magoti kidevuni, masweta yananuka moshi wa kuni za miwati, na hakuna aliyeuliza kwa nini mlango haufunguki. Leo mpwa wangu Deo analala chali kwenye kochi langu, simu juu ya pua, anaangalia katuni za Kijapani alizoziongeza mwendo mpaka watu wanaongea kama kuku waliomwagiwa maji. Pakifika mahali pa kutisha anaruka mbele kuona nani amekufa, kisha anarudi nyuma akiwa na amani yake. Nilimwambia hiyo ni sawa na kutafuna mfupa kabla ya kuonja mchuzi. Akasema, "Anko, wanachelewa, wanaboa." Mimi ni mtu wa kukaa ndani, elimu yangu iliishia kidato cha nne na safari zangu ziliishia Makambako; sina ubavu wa kubishana na mtoto mwenye bando.

Lakini nyie wenzangu mliosomea kibatari na kuvaa kaptula zenye viraka viwili nyuma kama miwani, nyie mtanielewa. Nakumbuka miaka ile ya mwanzo ya ruksa ya biashara, sabuni ya kuogea iliporudi madukani na mama zetu wakaendelea kuificha chini ya godoro kwa mazoea. Njombe ilikuwa na baridi na adabu. Asubuhi ukungu ulishuka mpaka unamsikia ng'ombe kabla hujamwona. Tulikunywa chai ya rangi kwa viazi vya kuchemsha, tukatia kiazi cha moto katika kila mfuko ili mikono isigande njiani, na mapumziko yakifika tukakila kile kile kilichotupasha joto. Redio ilikuwa ya baba, na kazi yake ilikuwa taarifa ya habari na matangazo ya vifo. Anayetaka burudani aende kwaya.

Makambako, wee, ilikuwa dunia nyingine. Huko reli inapita, huko barabara kuu zinakutana, malori yanaingia kutoka kila upande na watu wake wanaongea Kiswahili kinachoteleza. Sisi Wabena wa juu tulikijibu kwa tahadhari, kila neno tumelikagua kabla ya kulitoa. Shangazi yetu Yustina alikuwa na mgahawa karibu na stesheni. Kila likizo baba, aliyekuwa dereva wa lori la mbao la tajiri mmoja, alitupakia mimi na dada yangu Skola juu ya mzigo, akatushusha kwa shangazi tukiwa tumekakamaa kama mbao zenyewe. Skola alinizidi miaka miwili na akili zote. Mahali popote alipokwenda nilimfuata, si kwa mapenzi tu, bali kwa sababu peke yangu nilikuwa napotea hata nikienda chooni.

Jirani wa shangazi alikuwa Mzee Salum, muuza mitumba. Siku ya kufungua robota ilikuwa kama sikukuu. Watu wazima walingoja nguo, na sisi watoto tulikuwa na haki moja iliyojulikana mtaa mzima: kupekua mifuko. Kilichomo mfukoni ni cha mtoto. Tulipata vifungo, tiketi za mabasi ya ng'ambo, leso zilizokauka zikashikana, na mwenzetu mmoja aliwahi kupata nusu ya sega. Basi siku hiyo Skola akatia mkono ndani ya koti zito, akatoa kitabu. Kinene kama cha nyimbo za kanisani, picha tupu, na maandishi kama nyayo za kuku aliyepita kwenye wino.

Tukakisoma. Kusoma bila kujua herufi hata moja ni kazi nzuri sana, kila mtu anafaulu. Kijana mmoja tulimwita Nanasi kwa ajili ya nywele zake. Dada yake tulimwita Maua kwa ajili ya gauni. Na palikuwa na mtu mrefu wa koti refu na kofia, ambaye hatukuhitaji kufikiri: Bwana Afya, yule wa wilayani aliyekuwa akija kukagua vyoo. Hadithi yenyewe ilianza na picha moja kubwa: Nanasi na Maua wamekumbatiana mwisho wa daraja la kamba, kwenye ukungu kama wa kwetu. Tukaelewa wanaagana. Kisha Nanasi anavuka daraja peke yake, anahangaika porini kurasa na kurasa, halafu anatokea Bwana Afya akiwa amembeba Maua, anampeleka nyumbani kwao, na mwisho familia nzima imekaa, mama anapakua chakula. Hadithi safi. Tulimpenda Bwana Afya kupita kiasi. Michezo yetu yote ya likizo ilikuwa Skola kavaa koti la mvua la shangazi, anaagiza choo cha mgahawa kifagiliwe upya, kisha ananibeba mgongoni kunirudisha kwa mama, na mimi ndiye Maua.

Aliyetuharibia alikuwa Zuhura, binti wa Mzee Salum, rika la Skola. Alikichukua kitabu, akakigeuza, akatazama, akacheka kwa puani.

"Nyie mnaanzia mwisho," akasema. "Hiki kinafunguliwa huku, kama juzuu."

"Kwani hiki cha chuoni?" Skola akamuuliza.

"Si lazima kiwe cha chuoni. Tazama kidonda cha huyu kijana. Kwenu kinaanza kikubwa kinaisha kidogo, halafu ndiyo anaanguka."

Tulikitazama kidonda. Kweli Nanasi alikuwa anapona kabla ya kuumia. Lakini sisi tulikuwa watoto wa misheni, tuliyajua maajabu, na mtu kupona kwanza halikuwa jambo la kutushinda. Nilimwambia Zuhura kuwa kitabu kina upande mmoja tu duniani kote. Alinitazama kwa huruma, kama unavyomtazama mbuzi aliyeingia kanisani, akaondoka.

Likizo iliyofuata ilikuwa ya mwisho ya namna ile. Skola alikuwa amepata nafasi kidato cha kwanza, shule ya masista, bweni, huko juu kupita Njombe. Nyumbani wote walifurahi, nami nilifurahi kwa sauti kubwa ili nisisikike nikifikiri. Mpango ulikuwa huu: Jumamosi baba anashusha mbao Makambako, anatuchukua mchana, anapitiliza nasi hadi shuleni. Geti linafungwa saa kumi na mbili jioni, na Sista Mkuu alikuwa ametangaza kanisani kwamba binti atakayechelewa nafasi yake anapewa mwingine. Baba hakuhitaji kutishwa. Yeye mwenyewe alikuwa na msemo aliotulea nao: "Lori halimsubiri mtu. Mtu ndiye anayelisubiri lori." Aliwahi kumwacha paroko.

Asubuhi ya Jumamosi hiyo, tukiwa tumetumwa chumvi, tukapita kibanda cha video. Nje palikuwa na ubao ambao mwenye kibanda alichora kwa chaki picha ya siku. Mikono yetu ikashikana yenyewe. Kwenye ubao palikuwa na nanasi lenye macho.

Mpaka leo sijui kanda ile ilifikaje Makambako. Ninachojua ni kwamba shangazi alitutazama tulivyokuwa tunahema, chumvi tumeisahau, akatoa kiingilio kwenye pindo la khanga. Alituambia honi ikilia mara moja tutoke. Ikilia mara mbili, yeye hatujui.

Kibanda kilikuwa cha mabanzi, chini pamemwagwa mapumba ya mbao, na ndani walikuwa wapakiaji mizigo, makondakta waliopumzika, wapiga debe waliokauka sauti, na sisi, na Zuhura kiti cha mbele kwa kuwa mwenye kibanda alikuwa mjomba wake. Pembeni ya televisheni alisimama kaka Mudi, mkalimani. Mudi alitafsiri Kihindi, Kichina na Kiingereza kwa ujasiri uleule, bila kujua hata kimoja, na hakuwahi kukosa neno.

Basi, ikaanza. Familia imekaa, mama anapakua chakula. Mimi na Skola tukatazamana: mbona wameanza na mwisho? Kidogo mlango ukagongwa, ukafunguliwa, akasimama mtu wa koti refu na kofia. Sisi, kwa furaha ya kumwona rafiki wa siku nyingi, tukasimama tukapiga makofi. "Bwana Afya!" nikaita, kwa sauti yangu yote ya kwaya.

Bwana Afya akampiga teke baba wa watu, akambeba Maua begani, akaondoka naye kwenye ukungu.

Kibanda kizima kikageuka kututazama. Mpakiaji mmoja akauliza hawa watoto wamezaliwa na nani. Zuhura aligeuka kidogo tu. Alizungusha kidole hewani taratibu, kutoka kulia kwenda kushoto, akaendelea kutazama. Nilikaa chini nikiwa nimeivaa aibu kama sweta la kaka mkubwa, mpaka magotini.

Tangu hapo ikawa ni Nanasi kumtafuta dada yake. Na ndipo nilipoujua ule mwendo. Hakuna aliyekimbia. Nanasi anaona kiatu cha Maua njiani. Anakitazama. Kiatu nacho kinamtazama. Tone la maji linaanza kudondoka kwenye jani, na unaweza kwenda kununua karanga ukarudi ukalikuta liko njiani. Mudi alijitahidi kujaza. "Anasema hiki ni kiatu," alitangaza. Kisha: "Sasa anafikiri." Kisha, baada ya muda mrefu: "Bado anafikiri." Watu wakacheka, wakapiga miluzi. Nanasi alipofika kwenye daraja na kuanza kuinua mguu, kondakta mmoja akampigia kelele, "Twende, twende, siti zipo mbele!" Hapo tulicheka mpaka benchi likayumba.

Lakini mguu ule ulipotua kwenye kamba, kamba ikalia. Hakukuwa na muziki. Kamba tu, kriii, kama mlango wa sakristia. Uzi mmoja ukakatika. Tukaonyeshwa jicho. Tukaonyeshwa mkono wa mama yao ukimenya tunda, ganda linashuka refu bila kukatika, siku nyingine huko nyuma, Maua anangoja chini kwa kinywa wazi. Tukarudishwa kwenye kamba. Uzi mwingine. Karanga zikaacha kutafunwa. Yule kondakta hakuwa tena na siti. Skola alinikamata kifundo cha mkono akakibana, na mimi, ambaye niliijua ile picha ya kukumbatiana tangu likizo iliyopita, niliyejua sasa kwa hakika kabisa kwamba atavuka, nilikuwa natetemeka kama niliyetumbukizwa mtoni mwezi wa sita.

Nje honi ikalia.

Hatukutoka. Nilimtazama Skola, alikuwa anatazama mbele, midomo imebanwa. Honi ikalia tena, mara mbili, kwa hiyo shangazi hakuwa anatujua tena. Na nikagundua jambo la ajabu: sikutaka Nanasi afike. Akifika tutasimama, tutatoka, tutapanda lori, na jioni nitarudi nyumbani nikiwa peke yangu juu ya gunia. Kwa mara ya kwanza maishani nikamwombea mtu achelewe. Nanasi akanisikia. Akatoa hatua, akasimama, akakumbuka tena ganda la tunda.

Mlango ukasukumwa, mwanga ukamwagika kwenye televisheni, Nanasi akafutika. "Funga mlango!" kibanda kizima kikafoka. Sijawahi, kabla wala baada ya hapo, kusikia mtu akimwamuru baba yangu. Akaufunga. Akawa ndani.

"Skolastika," akasema gizani, sauti ya chini, ile ya hatari. "Geti saa kumi na mbili."

Uzi mwingine ukakatika. Nikasikia baba anasogea, nikajikunja kusubiri kofi. Halikuja. Nilipofumbua jicho nikamwona amesimama nyuma yetu, funguo mkononi, anaikodolea macho ile kamba. Kumbukeni huyu ni mtu aliyefunga mizigo ya mbao maisha yake yote.

"Nani alifunga fundo lile?" akauliza.

Mudi akainamia televisheni kulitafuta hilo fundo.

"Fundo lile haliwezi," baba akasema, akamsogeza mpakiaji kwa paja, akakaa. Skola akanong'ona kuwa tumechelewa, twende. Baba akamwekea mkono begani bila kuacha kutazama.

"Ngoja kwanza avuke."

Akavuka. Sitawasimulia kwa haraka, na kwa taratibu yake siwezi, karatasi haitatosha. Alivuka, kamba ikaanguka nyuma yake, na Maua alikuwa pale kwenye ukungu. Wakatazamana kwanza, muda wote huo waliotufanya tuungoje, kisha ile picha kubwa ikaja, yenyewe, ileile, wamekumbatiana, ikakaa. Haikuondoka. Ikakaa mpaka ukaanza kusikia watu wakipenga kamasi. Tukamgeukia Mudi. Alikuwa ameegemea mabanzi, kofia mkononi.

"Hapa hakuna cha kutafsiri," akasema.

Baba alitoka akifuta macho na kulaumu vumbi la mapumba, yeye aliyekula vumbi la mbao tangu ujana na halijawahi kumfanya lolote. Zuhura alitukimbilia nje, akampa Skola mkono, akamwambia akasome vizuri, na akifika huko asianzie mwisho. Kisha lori likaruka. Nasema likaruka kwa sababu nilikuwemo. Tuliipita milima ile kama tunaokimbizwa na Bwana Afya mwenyewe, sisi watatu mbele, na baba alizungumza mara moja tu, tulipoanza kuukuta ukungu wa Njombe: "Yule kijana angekagua vigingi kwanza."

Tulifika sista akiwa ameshika komeo la geti. Mlango mmoja ulishafungwa. Skola akashusha sanduku, godoro, ndoo. Tulisimama, yeye na mimi, na hatukujua la kufanya, maana kwetu ndugu hawakukumbatiana. Mtu ulimpa mkono na salamu ya "kamwene" basi. Tukapeana mikono kama wazee wa jumuiya. Akafungua sanduku, akatoa kitabu, akakitia ndani ya sweta langu.

"Ukinikumbuka kisome kivyetu," akasema. "Usikisome kama Zuhura. Kivyetu, mwisho tunarudi nyumbani, mama anapakua."

Sista akakohoa. Saa ilikuwa imefika. Nami nikamtazama baba, yule aliyemwacha paroko, nikingoja aseme lori halimsubiri mtu. Baba alikuwa amechukua nyundo yake. Akaenda tairi la mbele, akaligonga, akasikiliza. Akaligonga tena. Akainama akatazama chini, akajifuta mikono, akaenda la pili kwa mwendo wa mtu anayevuka kamba. Akakagua matairi yote, moja moja, pamoja na la akiba, na sista kwa heshima ya usalama barabarani hakuweza kufunga geti kabla hajamaliza. Skola akaanza kucheka, nami nikacheka, tukacheka pale huku machozi yanatushuka, na baba hakutugeukia hata mara moja. Aligonga tu.

Nyie wenzangu, haraka hii ya leo imetupeleka wapi? Skola ni muuguzi Mbeya, lami tupu mpaka mlangoni kwangu, na tunaonana kila siku kwenye kioo cha simu, uso umekwama, sauti inatangulia. Baba hayupo tena. Kitabu ninacho, kimebaki na jalada moja. Nilimpa Deo akisome, akaniuliza sehemu ya kubonyeza iko wapi. Nikamwonyesha ile picha ya daraja. "Si wamekutana tu," akasema, akafunua.

Wiki iliyopita Skola alikuja kumchukua mwanawe, shule zinafunguliwa. Nikawasindikiza stendi ya Njombe, jambo ambalo kwangu ni sawa na kwenda ng'ambo. Wakapanda basi. Kondakta anapigapiga bodi, dereva kashawasha, Deo dirishani anasema, "Anko, tutachelewa." Nilienda tairi la mbele nikalipiga teke, nikainama, nikasikiliza. Nikaenda la pili. Basi si langu, leseni sina, na tairi silijui hata linavyobadilishwa.

"Mzee, kuna nini?" dereva akauliza.

"Ngoja kwanza," nikamwambia.

Juu dirishani Deo alikuwa anamuuliza mama yake Anko anafanya nini. Mama yake alikuwa ameziba mdomo kwa khanga, mabega yanatikisika. Nami nikajifuta mikono, polepole, nikaenda la nyuma.